Koti la Kupandia Meli

Mara ya kwanza koti lilipompwaya Ngongoti, babake alicheka. Alisimama nyuma ya mtoto, akakishika kitambaa kilichozidi mgongoni kama mtu anayeshika sungura masikio, akawaambia wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwamba leo mkono wake umekata koti la mtoto wa jirani. Wateja wakacheka naye. Fundi Jicho kukosea kipimo lilikuwa jambo la kusimuliwa nyumbani.

Kwa maana fundi huyu hakuwa na futi. Mteja aliingia, akaambiwa asimame mlangoni penye mwanga, akatazamwa mara moja kutoka shingo hadi kisigino, akaambiwa aende zake. Nguo ikawa tayari siku aliyoahidiwa, au siku mbili baadaye, maana fundi ni fundi, lakini ikishavaliwa utadhani mwenyewe kazaliwa nayo. Ndiyo sababu akaitwa Jicho. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jipya la kijana mwenye cherehani za umeme na futi ya njano shingoni, na bado watu walivuka barabara wakaja kwa Jicho. Jicho hilo ndilo lililoilisha nyumba, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

Basi alifumua mshono wa mgongo, akapunguza ubavuni, akamwambia mwanawe arudi wiki ijayo. Suruali haikuwa na neno. Pindo lilianguka juu ya kiatu palepale alipotaka lianguke.

Koti lenyewe lilikuwa la meli. Mkewe Jicho alikuwa mfuaji katika kiwanda cha kufulia kilicho nyuma ya bandari, yanakoletwa mashuka na taulo za ile meli kubwa nyeupe ya starehe. Alianza kazi hiyo akiwa na mimba ya Ngongoti. Meli ilikuja, ikamwaga mashuka machafu, ikachukua masafi, ikaondoka, na yeye hakuwahi kukanyaga hata ngazi yake. Mwaka huu, msimu wa watalii ulipopungua, wakubwa wa kampuni walitangaza kwamba wafanyakazi wakongwe watapewa kila mmoja chumba cha watu wanne, siku tano baharini, kula na kulala bure. Jina lake lilikuwa la pili kusomwa. Wenzake wanasema alikaa chini palepale juu ya fungu la taulo zenye maji.

"Mashuka yale nimeyafua mimi," aliwaambia mumewe na wanawe jioni ile, bado hajavua aproni. "Nimeyafua, nimeyapiga pasi, nimeyakunja. Sijalalia hata moja. Safari hii nitalala juu yake, na nyinyi mtalala juu yake, na asubuhi sitatandika. Atatandika mwingine."

 Redio, binti wa miaka kumi na mitatu aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimsogelea mamake. Kisha akauliza maswali yote kwa mpigo: kama kuna bwawa la kuogelea juu ya meli, na kama lipo, kwa nini watu waogelee bwawani na bahari ipo, na meli ikiyumba, supu inafanyaje.

*

Maandalizi yakaigeuza nyumba ile ya vyumba viwili kuwa chuo. Sanduku la nguo waliliazima kwa jirani, wakaliweka katikati ya sebule, wakawa wanaliruka kila wakipita. Mama alileta uma na visu kutoka kazini, vile vya meli vilivyotupwa kwa kupinda, akawafundisha kula mkate kwa uma. Waligawana vitanda kabla ya kuviona: watoto juu, wazazi chini. Ngongoti alisema yeye atalala chini ili awe karibu na mlango, na mama akamwuliza kama anakwenda safari au anakwenda kulinda lindo.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza lilimhusu fundi: usiku wa karamu ya nahodha, mwanamume asiye na koti hakai ukumbini, analetewa chakula chake chumba cha nyuma, karibu na jiko. Fundi aliposikia hivyo alikohoa tu. Siku iliyofuata alinunua kitambaa cha bluu iliyoiva, cha kutosha makoti mawili, la kwake na la mwanawe.

Sharti la pili lilimtisha mama. Kwenye geti la bandari kulikuwa na muuguzi wa kampuni aliyewatazama abiria mmoja mmoja, na chumba kilihesabiwa kwa watu wanne. Mmoja akirudishwa, wote wanarudishwa. Mwaka uliopita, kampuni ilipotoa safari kama hii mara ya kwanza, mwenzake wa sehemu ya kupiga pasi alirudishwa na masanduku yake yote kwa sababu ya vipele vya mtoto, na chumba chake akapewa mwingine palepale, mbele ya macho yake. Mpaka leo mama yule hapendi kuulizwa.

"Kwa hiyo sikilizeni," mama alisema, ameshika uma kama kiboko. "Mwezi huu ni marufuku kuumwa. Mafua, tumbo, jino, vyote vingoje tukirudi. Tukirudi nitawapa wiki nzima muumwe mnavyotaka."

Wakacheka wote wanne. Ngongoti alicheka, akainuka, akaenda kwenye jagi la maji, akalimaliza. Lilikuwa jagi la pili jioni ile, na mama akasema mtoto huyu anataka kuinywa bahari kabla hawajaifikia.

Utani ni kitu cha hatari ukiutia katika sikio la mtoto wa miaka kumi na sita anayempenda mamake. Ngongoti hakuwa mtoto wa maneno mengi, na lile aliloambiwa alilishika. Kwa siku kadhaa alikuwa akiamka usiku mara tatu, mara nne, kwenda uani. Miguu ilimlegea akipanda ngazi za shule. Alikuwa amekusudia kumwambia mamake kesho yake. Baada ya utani ule hakusema tena.

*

Mara ya pili koti lilipopwaya, fundi hakucheka. Alimzungusha mwanawe mlangoni penye mwanga. Mabega yaliteleza, kola ilisimama mbali na shingo, na kiuno kilichopunguzwa wiki iliyopita kilimeza ngumi nzima. Alimwuliza kama amevaa kitu chembamba ndani kuliko siku ile. Ngongoti akasema ni shati lilelile, baba.

Muuza viatu wa jirani, mtu mwema asiyeweza kuona watu wawili wakiongea bila kuwa wa tatu, alichungulia. "Anarefuka huyo," alisema. "Umri wenyewe. Mifupa inatangulia, nyama zinafuata polepole. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, niulize."

Fundi aliyapokea maneno yale kwa mikono miwili, akashukuru, akamwagizia mwenzake chai. Kila mtu mtaani alisema hivyo. Jina lenyewe Ngongoti alipewa kwa urefu wa miguu, nani angeshangaa akizidi kuwa mwembamba? Lakini fundi alipoinama na pini mdomoni kutazama suruali, pindo lilikuwa palepale juu ya kiatu. Mtoto anayerefuka, suruali humpanda. Hii haikupanda hata upana wa uzi. Alilitazama lile pindo kwa muda, kisha akainuka akasema kitambaa hiki kibaya, kinavutika.

Nyumbani jioni hiyo kulikuwa na kesi nyingine. Mama alikuwa amekuta sisimizi kwenye shuka la watoto, mstari mrefu kutoka dirishani hadi katikati ya godoro, na shuka lenyewe lilikuwa bichi. Mwanamke aliyefua mashuka ya maelfu ya watu aliliinua, akalinusa, akakunja uso. Alitaka kujua nani anakunywa chai ya sukari kitandani, katika nyumba ambayo sukari inapimwa kwa kijiko. Ngongoti aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Ni mimi, mama," Redio alisema.

Akapewa adhabu ya kufua shuka. Alilifua bila kuteta, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mzazi asiye na meli kichwani. Kusema kweli lilikuwa shuka la tatu kulifua wiki hiyo. Mawili ya kwanza aliyafua alfajiri, kabla mama hajarudi kutoka zamu ya usiku, kaka yake amesimama pembeni akimmwagia maji kwa kopo, amekabwa na aibu hata hawezi kumtazama. Mvulana mwenye ndevu tatu kidevuni, na anakojoa kitandani. Alimwapisha Redio kwa kila kitu alichokiheshimu kwamba hatasema mpaka meli irudi.

Tangu hapo redio ile ilizimika. Kimya kingi kina mshindo, lakini katika nyumba yenye sanduku katikati ya sebule hakuna aliyekisikia kimya.

*

Fundi alianza kuogopa. Hofu yake aliipa jina, na jina alilolipa lilikuwa la uongo: alisema jicho limekufa. Yalikuwapo mafundi waliomalizika hivyo. Mkono mmoja unatetemeka, jicho moja linafifia, na asubuhi moja bibi harusi analia mbele ya kioo. Alianza kukaa muda mrefu na mkasi hewani. Mteja mmoja, kondakta mstaafu aliyeshonewa naye maisha yake yote, alikuta futi kwenye meza ya Jicho na akasimama kana kwamba amekuta nyoka.

"Fundi, hiyo ya nini?"

"Ya mtu. Kaisahau."

"Hebu niangalie basi, kama kawaida."

Fundi akamwangalia kama kawaida, jasho likimtoka kwapani, na mteja alipogeuka mgongo kutazama barabara akampima haraka kwa futi, kwa wizi, kama mtu anayeiba nyama jikoni. Kondakta alihisi futi mgongoni.  Alitoka, akasimama kidogo ukingoni mwa barabara, kisha akavuka upande wa pili, na fundi akamwona akiingia kwa yule kijana.

Siku ile fundi alifunga duka mapema akaenda kwa muuza miwani sokoni. Alijaribu zote, za kusomea, za mbali, zenye kamba. Muuza miwani alimsimamisha, akamwonyesha herufi kwenye kipande cha boksi, kubwa, ndogo, ndogo kabisa, mpaka ile ya chini ambayo hata yeye mwenyewe huisoma kwa kukariri. Fundi alizisoma zote.

"Macho yako mazima," muuza miwani alisema, akizirudisha miwani sandukuni. "Mzee wangu, nikikuuzia miwani leo nitakuwa mwizi. Nenda tu."

Mtu mwingine angefurahi. Fundi alisimama pale sokoni watu wakimpiga vikumbo, na alijisikia vibaya kuliko alivyokuja. Alijua. Gauni la mke wa mchungaji lilikuwa limekaa. Suruali za walinzi wa benki, zote, zilikuwa zimekaa. Koti lake mwenyewe la meli lilikuwa limemkaa bila kuguswa. Koti moja tu ndilo lililokuwa likikataa, na kama kosa si la jicho wala si la kitambaa, lilikuwa limebaki mahali pamoja tu.

Alifika nyumbani amekusudia kusema. Alimkuta mkewe amekaa juu ya kitanda, amevaa gauni aliloshonewa kwa ajili ya karamu, miguu mitupu, anafanya mazoezi ya kukaa. Ndiyo, kukaa. Alikuwa ameona kwa mbali, kutoka bandarini, jinsi abiria wanawake wanavyokaa kwenye viti vya sitaha, miguu wameikunja upande mmoja, na alikuwa akijaribu kufanya hivyo na magoti yake yaliyoharibiwa na miaka ya kusimama kwenye maji. Alipomwona mumewe aliona haya, akacheka, akasema usinicheke baba watoto, sitaki wajue kwamba mimi ndiye ninayewafulia.

Fundi akamwangalia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Zilikuwa zimebaki siku sita. Alijiambia siku sita si nyingi, kwamba huenda hewa ya bahari na kula vizuri vingemrudishia mtoto mwili, kwamba wakirudi tu atampeleka hospitali yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Baba wa watu kujidanganya hakuhitaji mwalimu. Alimwambia mkewe gauni limemkaa vizuri sana. Usiku huo huo alilipunguza koti la Ngongoti kwa kukisia, bila kumwita mtoto, na kwa mwili wa siku ile alikisia sawasawa.

*

Siku moja kabla ya safari alimwita dukani kulijaribu mara ya mwisho. Ilikuwa adhuhuri. Ngongoti alikuja amefuatana na Redio, wakitembea polepole, na njiani kaka alikuwa amekaa mara mbili kwenye vibaraza vya watu. Tangu asubuhi alikuwa akitapika. Redio alimwambia mama kwamba ni woga wa safari, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa aseme, na mama, aliyekuwa akitafuta ufunguo wa sanduku la kuazima, alisema hata yeye safari hii haimlazi usiku.

Dukani walikuwapo watu wanne watano, maana ilikuwa mwisho wa wiki. Fundi alimvisha koti. Lilipwaya. Lililopunguzwa mara tatu, lililokuwa sasa dogo kiasi cha kumtosha mtoto wa darasa la tano, lilipwaya. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Simama wima," fundi alisema.

Ngongoti alijitahidi. Alishika ukingo wa meza. Alikuwa akihema kwa kina, kwa haraka, kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Fundi alianza kuchoma pini mgongoni, moja chini ya nyingine, kwa hasira ambayo hakujua ni ya nani.

"Simama wima nimekwambia. Unalegea makusudi? Watu wanakutazama."

"Baba, naomba nikae."

"Utakaa melini. Simama."

"Baba," Redio alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, mwache akae."

Hapo fundi akafanya jambo ambalo watu waliokuwapo wanalikumbuka. Alimshika mwanawe kola kwa nyuma, kwa mkono mmoja, akamwinua ili koti linyooke, na kwa mkono wa pili akachoma pini ya mwisho. Mtoto akabaki ananing'inia kwenye ile kola. Fundi alihisi uzito kwenye mkono wake, na uzito ule ulikuwa mdogo mno. Alipoiachia kola, Ngongoti hakusimama wala hakukaa. Alikwenda chini mzima mzima, kati ya cherehani na meza, macho nusu wazi, na hakuitika alipoitwa.

Muuza viatu ndiye aliyekimbilia gari. Waliokuwa wakisubiri nguo wakamsaidia kumbeba. Redio alikuwa akipiga kelele sasa, anasema yote kwa mpigo, maji, mashuka, kutapika, usiku, na babake alikuwa amekaa kando yake kwenye gari, kichwa cha Ngongoti mapajani, anasikia kila neno.

*

Hospitali waliingizwa moja kwa moja, na hilo liliwatisha kuliko foleni yoyote. Muuguzi alianza kumvua mgonjwa nguo, akapiga ukelele mdogo, akanyonya kidole. Alimgeuza mtoto ubavu, akakuta mstari wa pini mgongoni kutoka kwenye kola hadi kiunoni.

"Nani kamchoma mtoto pini?"

"Ni mimi," fundi alisema. "Nilikuwa nampunguzia koti."

Muuguzi alimtazama kuanzia juu hadi chini. Akamwambia azitoe mwenyewe. Fundi akazitoa, moja moja, watu wazima watatu wakimsubiri amalize ili waweze kumtibu mwanawe.

Mama alifika na aproni ya kazini. Alikuwa amekwenda kuwaaga wenzake. Walimpa kiti kwenye ukumbi, mumewe upande mmoja na Redio upande mwingine, na walikaa hapo mpaka daktari alipotoka. Daktari alikuwa binti kijana, amechoka, na hakuzunguka. Alisema ni kisukari. Mama alisema hapana, hicho ni cha wazee, nyumbani hakuna hata mmoja mwenye nacho. Daktari alisema watoto nao hukipata, na kwao huja kwa kasi. Mwili hushindwa kuitumia sukari, sukari hiyo ikatoka na mkojo, basi mwili huanza kujila wenyewe, mafuta kwanza, kisha nyama, na sumu inapanda kwenye damu. Kwa sasa mtoto amepoteza fahamu, hasikii. Wamemwekea maji na dawa. Kama angeletwa wiki mbili zilizopita angeingia hapa kwa miguu yake na kutoka kwa miguu yake. Sasa hawezi kuwaahidi kitu.

"Kuna mtu alianza kuona mabadiliko lini?" aliuliza. "Kukonda, kiu, kukojoa sana?"

Mama ndiye aliyejibu. "Tulidhani anarefuka," alisema. "Kila mtu alisema anarefuka. Kazi nyingi, sijui, hii safari... Tulidhani ni umri, daktari."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Hakuwa mkatili. "Wazazi wengi hudhani hivyo," alisema. "Umri huu hudanganya macho. Usijilaumu, mama. Hata mimi ningeweza kudhani anarefuka."

Hapo palikuwa pameachwa mlango wazi, na fundi angeweza kupita. Hakuna ambaye angejua. Muuza viatu angeshuhudia, mtaa mzima ungeshuhudia, na mkewe angelala usiku wa leo akijua kwamba hakukuwa na mtu aliyeweza kuona. Alikaa akiitazama sakafu, mikono katikati ya magoti. 

"Hakurefuka," alisema.

Mkewe akamgeukia.

"Hakurefuka, daktari. Suruali sikuigusa. Nimelipunguza koti wiki baada ya wiki, na suruali haikupanda hata kidogo. Mtoto alikuwa anaisha, na mimi nilikuwa naona. Nilikwenda mpaka kwa muuza miwani nikitumaini ni macho." Akainua uso. "Macho ni mazima."

"Uliona," mama alisema.

"Niliona."

"Lini?"

Fundi akamwambia. Siku aliyomkuta amekaa kitandani na gauni. Mama aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa kiti cha mumewe, polepole, akauweka mapajani mwake mwenyewe. Fundi alingoja apigwe, atukanwe, afukuzwe. Angepokea lolote. Lakini mkewe alikuwa akitazama mbele, ukutani, na uso wake haukuwa wa mtu anayemhukumu mwingine.

"Sisimizi," alisema, bila kumwelekea yeyote. "Nililinusa lile shuka. Miaka yote hii nafua mikojo ya watu, nitashindwa kujua mkojo? Nilijua si chai. Nikasema chai."

Daktari aliwatazama kwa zamu, akarudi ndani. Simu ya mama ililia. Alikuwa msimamizi wa kiwanda, anataka kuhakikisha kwamba kesho asubuhi watakuwa getini wote wanne, na mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ampe mwingine chumba, akakata.

Muuguzi alitoka tena, yule aliyechomwa na pini. Alisema mgonjwa amehamishwa chumba cha uangalizi, na kwamba mtu mmoja anaweza kuingia kukaa naye. Mmoja tu. Wengine wabaki hapa. Alishika mlango kwa mguu akangoja.

Fundi hakuinuka. Alimwangalia mkewe, na mkewe hakuinuka. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aende, si kwa ukarimu, bali kwa sababu hakuna aliyeona kwamba anastahili kuwa wa kwanza kuonwa na mtoto yule akifumbua macho, kama atafumbua. Muuguzi akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia.

Redio ndiye aliyesimama. Alipita katikati ya magoti yao, akaingia, na mlango haukufungwa vizuri nyuma yake. Walisikia kiti kikiburutwa karibu na kitanda. Walisikia pumzi ya Ngongoti, ile ya haraka, ya mtu aliyekimbia. Kisha walimsikia binti yao akizungumza, taratibu, mdomo ukiwa karibu kabisa na sikio la kaka yake.

"Kaka, mimi sikusema mpaka ulipoanguka. Walikuwa wanajua."